Napiga mswaki kila asubuhi bila kukosa, mbona fizi zinatoa damu na maji baridi yananiua?

Kibogoyo Mtarajiwa:

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 36, niko Mbagala, mke mmoja mtoto mmoja, na hili swali naomba mnijibu bila kunicheka maana wife kashanicheka vya kutosha.

Mimi toka nikiwa mdogo sijawahi kutoka nyumbani bila kupiga mswaki. Mzee wetu alikuwa mnoko sana kwenye hilo, mnapanga foleni nje kila mtu na kopo lake la maji, ukimaliza unafungua mdomo anakukagua kabla hujaenda shule, ukimdanganya anajua. Kwaiyo mpaka leo nikiamka kitu cha kwanza ni mswaki, nasugua kwelikweli kama nasugua sufuria la ubwabwa ulioungua, povu linajaa mdomo mzima, nasukutua maji kama vikombe viwili hivi, natoka niko fresh. Natumia mswaki mgumu, hii milaini naonaga kama inapapasa tu meno haitoi kitu.

Sasa kama miezi minne hivi nikitema naona damu. Mwanzo nikasema labda mswaki mpya, utazoea. Juzi binti yangu wa darasa la kwanza alikuwa anasubiri zamu yake karoni, kaona mate mekundu, kakimbia mbio kumwambia mama yake baba anakufa. Hapo ndo na mimi nikaanza kuogopa. Halafu upande wa kushoto juu, kwenye chonge na jino linalofuata, nikinywa maji ya friji napata kitu kama shoti ya umeme inapanda mpaka kwenye jicho. Nikipitisha ukucha pale jino linapokutana na fizi nasikia kuna kijishimo, kama mti uliopigwa panga mara moja ukaachwa.

Nimeacha kupiga mswaki upande ule wiki ya pili sasa ili fizi ipumzike, nimefanya sawa au nimeharibu? Na mswaki ni kabla ya chai au baada ya chai, maana wife anasema kabla ya chai ni kazi bure, unasafisha sahani halafu ndo unapakua chakula. Kuna jamaa kazini nae kaniambia nichanganye mkaa wa kusaga na ndimu yataisha yote. Nisaidieni wadau.

Mjukuu wa Mangi:

Mkuu na jina lako hilo ulishajitabiria mwenyewe, sasa unalalamika nini 😂😂

Tuache utani, jamaa yako wa kazini yuko sahihi. Mkaa ndo mpango mzima. Bibi yangu kafariki na miaka tisini na kitu, hajawahi kushika dawa ya meno ya dukani, mkaa na majivu basi, na alikuwa anamenya mua kwa meno mpaka mwisho. Hizi dawa za meno ni biashara za watu tu.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Kibogoyo pole sana mkuu. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko wilayani huku, sitataja wapi maana mtaanza kuniletea magego yenu inbox. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu watu wa aina yako nawaona kila wiki, yani mtu msafi kabisa, hajawahi kuruka mswaki asubuhi hata siku moja, na bado mdomo unaharibika, anakaa kwenye kiti anashangaa kama umemtukana.

Nianze na kile kijishimo. Nikuulize, unatumia mkono wa kulia si ndio? Nilijua kabla hujajibu. Mtu wa mkono wa kulia akianza kupiga mswaki nguvu nyingi zinaishia upande wa kushoto, na pale kwenye chonge ndo kona, mdomo unapokunja, mswaki unagonga pale kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukisugua kwa kupeleka na kurudisha kama msumeno, kwa mswaki mgumu, miaka ishirini na kitu, unakwangua fizi inapanda juu, shingo ya jino inabaki wazi, na shingo haina lile gamba gumu kama la juu ya jino, ni laini, kwaiyo inachimbika taratibu. Ndani yake kuna vijinjia vidogo sana vinavyopeleka habari kwenye neva. Maji ya friji yakigusa pale, hiyo shoti unaisikia mpaka kwenye jicho. Sio jino limeoza hapo, ni wewe umelichonga mwenyewe.

Damu ni habari nyingine. Damu kwenye fizi mara nyingi maana yake kuna utando umekaa pale kwenye mpaka wa jino na fizi, fizi imekasirika, imevimba kidogo, ukigusa inatoka damu. Utando ukikaa muda mrefu unagandana na madini ya kwenye mate unakuwa ukoga, ule mgumu wa njano au wa kahawia, na ukishakuwa ukoga mswaki hauuwezi tena hata usugue kwa brashi ya kufulia. Chukua tochi ya simu na kioo cha mkononi, fungua mdomo, angalia NYUMA ya meno ya mbele ya chini, kule ulimi unapogusa. Pale chini ya ulimi ndo mate yanapotokea, kwaiyo ukoga unapenda kuanzia hapo. Utaniambia umeona nini.

Sasa utasema nasugua kwa nguvu zote utando unatoka wapi. Unasugua sehemu zinazoonekana mzee! Watu tunapiga mswaki tabasamu, hatupigi mswaki meno. Nyuma ya magego ya mwisho, upande wa ndani wa meno ya chini, katikati ya jino na jino, hakuna anayefika. Na kuacha kupiga mswaki upande wenye damu ni kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, unaona damu unaogopa, utando unaongezeka, damu inazidi. Rudi upande huo LEO, ila kwa mswaki laini na kwa upole. Ukifanya vizuri ndani ya wiki moja mpaka mbili damu inatakiwa ipungue sana. Isipopungua nenda kaonane na daktari wa meno, na kama kuna ukoga utatakiwa kwenda tu, hakuna njia ya mkato.

Namna ya kupiga: mswaki ushike kwa vidole kama umeshika kalamu, usiukamate kwa ngumi kama jembe, hapo nguvu zenyewe zinapungua. Nyuzi za mswaki zilaze kidogo zielekee kwenye fizi, nusu ziguse jino nusu ziguse fizi, halafu tikisa kidogokidogo hapohapo, meno mawili matatu, unasogea. Nje yote, ndani yote, juu ya kutafunia, mwisho ulimi. Dakika mbili. Watu wanadhani wanafika dakika mbili, wekeni saa muone, wengi mnaishia sekunde arobaini mmeshatema.

Na kosa lako kubwa kuliko yote hata hujalitaja kwenye swali lako. Usiku je? Umeeleza asubuhi yote na foleni ya kopo la maji, usiku hujasema kitu.

Kibogoyo Mtarajiwa:

@Tabibu daah. Usiku huwa nikitoka kazini nakula, naangalia mpira, nalala. Kupiga mswaki usiku nilikuwa naona ni mambo ya kwenye tivii. Mkono ni wa kulia kweli, umenitisha.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Basi ndo hapo. Tumelelewa hivyo wengi wetu, mswaki ni kitu cha kutokea nacho, unapiga ili usinuke mbele za watu. Ila ukilala mate yanapungua sana, na mate ndo yanayoosha meno na kupunguza ile asidi ambayo vijidudu wanaitengeneza wakila sukari. Kwaiyo ukilala na mabaki ya ubwabwa na soda, vijidudu wana masaa saba hawasumbuliwi na mtu. Ukinilazimisha nichague mara moja tu kwa siku nitakwambia chagua USIKU, uwe mwisho kabisa, baada ya hapo ni maji tu. Asubuhi ni ya pili.

Kabla ya chai au baada, usigombane na shemeji. Kabla ni sawa, ule utando uliolala nao unautoa, na dawa yenye floraidi inabaki kwenye meno inayalinda wakati unakunywa hiyo chai ya sukari vijiko vinne. Baada nayo ni sawa ila subiri kama nusu saa, hasa ukiwa umekunywa juisi ya ukwaju au malimao au soda, kwa sababu asidi inalilainisha gamba la jino kwa muda na ukilisugua hapohapo unaliondoa. Kwaiyo wote mna haki, ila yeye inabidi asubiri.

Kusukutua: tema povu lote halafu ACHA. Usisukutue na maji vikombe viwili, unaosha dawa yote uliyoilipia. Najua mdomo utahisi ajabu siku mbili tatu, utazoea. Dawa yoyote ya meno yenye floraidi inatosha, geuza boksi usome nyuma, kwa mtu mzima tafuta palipoandikwa kati ya 1350 na 1500 ppm, hicho ndo kipimo cha floraidi iliyomo. Rangi ya tyubu, picha ya karafuu, picha ya jani, hayo ni mapambo. Iwe ya mitishamba au ya kawaida, angalia hiyo namba.

Mkaa na ndimu sasa. Mkaa unakwangua, ndimu inayeyusha, ukivichanganya umetengeneza msasa na asidi. Kwa mtu ambae tayari ana shimo kwenye shingo ya jino ni kama kukwambia ukapige msasa kwenye kidonda. Mjukuu wa Mangi, bibi yako Mungu amrehemu, alikuwa anakunywa soda ngapi kwa wiki?

Mjukuu wa Mangi:

Soda? Labda Krismasi 😂 nimekuelewa dokta

Chalii wa Usa River:

Hapo kwenye floraidi ndo mnanichanganya. Sisi watu wa huku Arusha na Moshi meno yetu ya brauni mnayajua, mnatucheka kila siku, na tumeambiwa toka shule ni floraidi ya kwenye maji. Kuna sehemu huku kwetu inaitwa kabisa Maji ya Chai. Mimi mpaka leo nikicheka naweka mkono mdomoni, chuo picha zote nimefunga mdomo. Sasa kama floraidi ndo imeniharibia meno kwa nini niinunue tena dukani nijipake? Mimi natumia ile isiyo na floraidi kabisa miaka mitano sasa na nina magego mawili yametoboka, sijui inakuwaje.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Chalii swali lako ni zuri kuliko yote humu. Ile brauni ilikupata ukiwa mtoto, kuanzia unazaliwa mpaka kama miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa huko ndani ya taya hata hayajatoka. Ulikuwa unayanywa, kila siku, kwenye uji, kwenye chai, kwenye maharage, na kama nyumbani walikuwa wanatumia magadi kuivisha maharage, magadi nayo ya huko yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko kwenu kuna visima vimezidi hapo mara nyingi tu. Jino likishatoka na kukomaa halipati tena hiyo rangi. Dawa ya meno hunywi, unapaka unatema, inafanya kazi kwa nje kwenye gamba la jino. Kwaiyo wewe mtu mzima kutumia dawa yenye floraidi haikuongezei brauni hata kidogo, na hayo magego mawili yaliyotoboka huenda ndo majibu ya hiyo miaka mitano.

Ila ukiwa na watoto huko, hapo ndo uwe makini. Kwanza MAJI. Tafuteni ya mvua au chanzo kilichopimwa, na usidhani kuchemsha kunaondoa floraidi, maji yanapungua floraidi inabaki, unaikoleza tu. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji cha Ngurdoto, hukohuko Arusha, wana vichujio vya mkaa wa mifupa kwa kazi hiyo. Dawa ya meno mtoto awekewe kidogo, asimamiwe, atemee.

Na hayo meno yako yanatibika muonekano mkuu, kuna namna ya kuyafunika au kuyasafisha ile rangi, kamuone daktari wa meno. Usimkubalie mtu wa mtaani mwenye chupa ya asidi anayekwambia yanakuwa meupe dakika tano.

Chalii wa Usa River:

Kumbe. Miaka yote hii naogopa tyubu.

Mama Mapacha Dom:

Habarini. Nimesoma yote, naomba niongezee upande wa watoto maana mimi wangu wawili wa miaka minne kupiga mswaki usiku ni vita ya Kagera. Mmoja anakula dawa ya meno, mwingine anang'ata mswaki kaugeuza pamba. Mama mkwe nae yuko hapa anasema msiwasumbue watoto hayo meno ya utoto si yatang'oka tu.

Nilichojifunza kliniki ni kwamba unaanza siku jino la kwanza limechomoza, chini ya miaka mitatu dawa kiasi cha punje ya mchele tu, yani unaipaka pale kwenye nyuzi, kuanzia mitatu mpaka sita kiasi cha punje ya njegere. Sio lile nyoka la kwenye tangazo linalojaa mswaki mzima! Na nesi alituambia mzazi ndo apige, sio mtoto, mpaka awe anaweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe vizuri, maana vidole ndo vinakuwa vimekomaa. Mimi ninachofanya namuweka mmoja kichwa kwenye mapaja yangu anaangalia juu, naona mdomo wote, naimba wimbo mzima mara mbili, wimbo ukiisha tumemaliza. Huyo mwingine akisikia wimbo anakuja mwenyewe maana hataki kupitwa.

Hilo la mama mkwe nilijibiwa hivi, magego ya utoto mengine yanakaa mpaka mtoto ana miaka kumi, kumi na mbili. Sasa likitoboka akiwa na mitano, alale na maumivu miaka saba tunasubiri ling'oke?

Halafu jamani wale wa meno ya plastiki. Pacha mmoja akiwa na miezi mitano aliharisha sana na homa, jirani akaja na nia njema kabisa akamfunua mdomo akasema ana meno ya plastiki, kuna mama mtaa wa pili anayatoa kwa shilingi kadhaa. Nilikuwa nimechoka, sijalala siku mbili, nilikaribia kukubali, kanga nimeshafunga. Mume wangu ndo akasema twende kituo cha afya kwanza. Kumbe ni kuharisha tu, alipewa ORS na zinki, na vile vyeupe kwenye fizi ni meno yake yenyewe yanajiandaa kutoka. Leo nikimuona anacheka na chonge zake zote nashika mdomo.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Mama Mapacha nikuajiri 🙏 Hao wa meno ya plastiki nawapokea watoto wao wakiwa na kidonda fizi nzima, wengine damu zimewaishia. Hakuna ugonjwa unaoitwa hivyo. Wanachokichimba ni chipukizi za jino, na hata jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika.

Bint Mvita:

Asalaam aleikum, salamu kutoka Mombasa. Naona nyote mwataja mswaki wa dukani hakuna aliyeutaja mswaki wenyewe, ule wa mti! Jina hilo ni la mti, si la hiyo ya dukani, mwalitoa wapi. Babangu mzee wa miaka sabini na tano, Ijumaa akitoka msikitini lazima arudi na mswaki mbichi, aukata, autafuna ncha mpaka wachanuka kama brashi, atumia kabla ya kila swala. Mtume amesema lau si kuwatia umma wake uzito angewaamuru mswaki kila swala, basi kwake ni ibada si usafi tu. Meno yake mazuri kuliko yangu, kusema kweli.

Sasa swali langu kwa huyo tabibu, mzee aweza kutegemea ule peke yake? Na Ramadhani twafanyaje, maana mchana kinywa chakauka na harufu haivumiliki, na dawa ya meno twaogopa kumeza.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Waaleikum salaam dada. Mswaki wa mti unasafisha kweli, kama mtu anajua kuutumia, na kwa mtu anayeutumia mara tano kwa siku kama mzee wako ana nafasi nzuri kuliko Kibogoyo hapa na mswaki wake wa karoni. Shida ni kufika upande wa ndani na nyuma ya magego, kwa sababu ncha inaangalia mbele, kwaiyo watu wengi wanasafisha ya mbele yanang'aa na nyuma kunaoza. Mwambie mzee auingize kwa pembeni, afuate ukingo wa fizi taratibu, na ile ncha ikishachakaa aikate atafune mpya. Ningekuwa mimi ningemuongezea dawa ya floraidi usiku tu, mswaki wa mti aendelee nao mchana wote.

Ramadhani piga mswaki na dawa baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na usiku tena kabla ya kulala. Mchana mswaki wa mti, na ulimi usiusahau, harufu nyingi inakaa nyuma ya ulimi kule. Kuna wanaosema baada ya jua kupinduka haifai ukiwa umefunga na kuna wanaosema inafaa, hapo mimi sio shekhe, muulizeni wenu.

Konda Mstaafu:

Mimi niseme ukweli wakuu. Hizo hospitali ukienda wakikusafisha ukoga meno YANALEGEA. Mimi niliwahi kusafishwa, nimetoka pale meno yanacheza na kila kitu kinanipa ganzi, hata hewa. Sikurudi. Nikiumwa nanunua amoksilini duka la dawa vidonge sita maisha yanaendelea. Na nimepiga konda miaka kumi na moja, enegi mkononi toka alfajiri mpaka saa nne usiku, tulikuwa tunakunywa taratibu iishe na ruti.

Tabibu Zamu ya Usiku:

Konda kaka yangu, hayakulegezwa, yalikuwa yameshalegea, ukoga ndo ulikuwa umeyashikilia kama zege linashikilia nguzo iliyooza chini. Fizi ilikuwa imeshajitenga na mfupa umeliwa. Ukoga ukitoka unaona hali halisi, na ganzi ya siku chache ni kawaida maana sehemu iliyokuwa imefunikwa sasa iko wazi. Ukirudi kila baada ya miezi kadhaa fizi inajishika tena kiasi. Usiporudi ndo anguko.

Hiyo ya enegi kidogokidogo siku nzima ni mbaya kuliko kunywa chupa nzima dakika tano. Kila unapopiga funda meno yanakaa kwenye asidi kama nusu saa hivi mpaka mate yayarudishe. Wewe ulikuwa hujawahi kuyapa hiyo nusu saa, miaka kumi na moja. Ubuyu na pipi za kumumunya ni vilevile, heri mtoto ale zote baada ya chakula kuliko moja moja mpaka jioni.

Na amoksilini haizibi jino. Inatuliza uvimbe wiki mbili, jino liko palepale. Mtu akiona shavu au chini ya kidevu panavimba, homa, kumeza kunakuwa shida au mdomo haufunguki, hiyo sio ya kusubiri asubuhi wala ya duka la dawa, ni hospitali usiku huohuo.

Konda Mstaafu:

Umenisema mpaka aibu. Kuna ka harufu pia wife analalamika, nilidhani ni tumbo.

Mjukuu wa Mangi:

Konda hapo kwenye harufu usisingizie tumbo abiria tulikuwa tunaijua 😂😂😂

Kibogoyo Mtarajiwa:

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu sasa toka nianzishe huu uzi.

Ile siku ya kwanza nilichukua tochi nikaangalia nyuma ya meno ya chini. Sitaki hata kuelezea. Ni kama ukuta wa tangi la maji, njano inaenda kahawia, imeunganisha meno manne kuwa moja. Na mimi ndo nimekaguliwa mdomo kila asubuhi utoto wangu wote, mzee alikuwa anaangalia mbele tu kumbe.

Nilinunua mswaki ulioandikwa soft, wa buku mbili, nikashika kama kalamu. Siku tatu za mwanzo nilihisi sijapiga mswaki, na lile la kutosukutua ndo lilikuwa gumu, mdomo una ladha ya minti mpaka unalala. Nikaweka saa ya simu, kumbe nilikuwa naishia sekunde 35. Wiki iliyopita nikaenda kusafishwa ukoga, daktari dada mmoja mpole sana, akanionyesha kwenye kioo kile kishimo cha chonge, kabla sijasema kitu akaniuliza "baba unatumia mkono wa kulia eeh". Nikacheka mpaka maji yakanipalia. Akakiziba, akasema vingine viwili vinaanza ila tuviangalie kwanza. Baada ya kusafishwa nilipata ganzi siku nne, nikikumbuka maneno ya Konda nikaanza kuyatikisa kwa ulimi kuhakikisha, yapo imara.

Damu imeisha isipokuwa sehemu moja nyuma kulia ambayo nadhani bado siifikii vizuri. Maji ya friji nakunywa upande wote.

Shida iliyobaki ni binti. Alinikuta usiku napiga mswaki akashika simu yenye saa, sasa kila siku saa tatu anakuja karoni kunisimamia, nikitema kabla ya dakika mbili anapiga kelele "mamaaa baba kaiba". Jana kwenye mpira dakika za mwisho kabisa kaja na mswaki kaushika mkononi, goli sikuliona.

Ule mswaki mgumu upo, nasugulia soli za raba.

Mama Mapacha Dom:

Huyo binti mlete Dodoma wiki mbili nina kazi yake hapa.